Barabara Itaufanya Mto Nini, na Mto Utaifanya Barabara Nini

Miaka kadhaa iliyopita nilipewa kazi ya kusoma ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira ya barabara iliyopangwa kupita chini ya safu ya vilima na kuvuka vijito vitano kabla ya kuingia bondeni. Ilikuwa ripoti nene, iliyoandikwa kwa uangalifu, na ilionekana wazi kwamba waandishi wake walilitembea eneo lote kwa miguu. Walieleza vumbi litakalotimka wakati wa ujenzi, miti itakayokatwa, mafuta yanayoweza kumwagika kutoka kwenye mitambo, na ndege wa ardhioevu iliyoko karibu na daraja la mwisho. Nilipofunga ukurasa wa mwisho nilitambua kwamba kila sura ilijibu swali moja: barabara itaufanya mto nini? Hapakuwa na aya hata moja iliyouliza mto utaifanya barabara nini.

Ninakiri kwamba wakati ule sikuliona pengo hilo kuwa kubwa. Taratibu zilikuwa zimefuatwa, masharti yameorodheshwa, nami niliandika maoni machache kuhusu miti na kuipitisha. Barabara ikajengwa. Katika msimu wa pili wa mvua, kalvati la tatu, yaani bomba la kupitishia maji ya kijito chini ya barabara, likaziba. Nilifika pale siku chache baadaye, na hadi leo ninaukumbuka mdomo wake: bomba la zege lililojaa hadi juu tope jekundu, limeshikamana kama udongo wa mfinyanzi, na ndani ya tope hilo kulikuwa na matawi, mizizi yenye alama za panga, mabua ya mazao, na mawe yenye kingo kali ambayo hayakuwa ya mtoni, kwa kuwa jiwe la mtoni huwa limesuguliwa na maji hadi likawa laini. Maji yalipokosa njia yalijaa nyuma ya tuta la barabara, tuta likageuka bwawa ambalo hakuna mhandisi aliyelisanifu liwe bwawa. Lilipopasuka lilitoa kwa mkupuo mmoja maji ambayo kijito chenyewe kingeyapitisha kwa saa nyingi, na maji hayo yalipita juu ya mashamba na nyumba zilizokuwa chini yake.

Nililifuata lile tope kuelekea juu. Mizizi ilitoka kwenye mteremko uliofyekwa misimu miwili kabla na kulimwa kwa mistari inayoshuka na mlima badala ya kuukingama, hivyo kila mstari ulikuwa mfereji. Mabua yalitoka hapo hapo. Yale mawe makali yalitoka kwenye shimo ambalo mkandarasi alichimba kifusi cha kujengea barabara hiyo hiyo, na ambalo liliachwa wazi kazi ilipokwisha. Barabara ilikuwa imezibwa na kidonda ilichokiacha yenyewe mlimani.

Baadaye palifanyika kikao, na kila ofisi ilileta maelezo yaliyo sahihi. Wahandisi walisema kalvati lilisanifiwa kwa kufuata kumbukumbu za mvua za miaka iliyopita. Watu wa mazingira walisema masharti ya ujenzi yalikaguliwa. Watu wa kilimo walisema wakulima wa mteremkoni walipewa mbegu na mavuno yaliongezeka. Kamati ya maafa ilisema mablanketi na maturubai yaligawiwa kwa wakati. Nilitoka kwenye kikao kile nikiwa na huzuni kubwa kuliko niliyoingia nayo, kwa sababu hapakuwa na mzembe wa kumnyooshea kidole. Kila mmoja alikuwa ametimiza wajibu wake, na jumla ya wajibu wote uliotimizwa ilikuwa nyumba zilizosombwa.

Ndiyo maana maneno kama uunganishaji na mtazamo mtambuka, ambayo yamejaa katika nyaraka zetu, hayanitoshi tena. Ninachokitaka ni kidogo kuliko hayo na kigumu zaidi: maswali yote mawili yaulizwe kwenye karatasi moja, kabla fedha hazijatengwa, na awepo mtu mwenye jina na cheo anayewajibika kuyajibu.

Lazima niseme jambo kuhusu lugha, kwa kuwa lugha ndiyo inayotuficha mengi hapa. Tunapozungumzia mafuriko, kimbunga, ukame au maporomoko ya udongo, tunachanganya vitu viwili katika neno moja. Kipo kishindo chenyewe, yaani mvua, upepo, mtikisiko wa ardhi. Na yapo maafa, yaani kile kinachobaki baada ya kishindo kukutana na watu, nyumba, mashamba na njia zao za kujipatia riziki. Kishindo mara nyingi hatuna uwezo wa kukizuia. Maafa hutengenezwa na watu, taratibu, kwa miaka, kupitia maamuzi ya kawaida kabisa: kiwanja kimegawiwa wapi, msitu umekatwa kwa ajili ya nini, mtaro umezibuliwa mara ya mwisho lini.

Pwani ya Bangladesh inalionesha hilo vizuri. Mwezi Novemba 1970 kimbunga cha Bhola kiliua watu wasiopungua 300,000. Mwezi Novemba 2007 kimbunga Sidr, kilichokuwa na nguvu kubwa mno, kilipiga pwani hiyo hiyo na kuua takriban watu 3,400. Bahari ilibaki ile ile, na idadi ya watu ilikuwa imeongezeka. Kilichobadilika ni tahadhari iliyofika vijijini kupitia maelfu ya wajitolea waliokuwa wakifunzwa tangu miaka ya 1970, matuta ya pwani, na majengo imara ya kujikinga yaliyoinuliwa juu ya nguzo, ambayo mengi hutumika kama shule siku zote ambazo hakuna kimbunga. Aidha, Sidr kilitua karibu na Sundarbans, msitu mkubwa wa mikoko, na msitu huo ulikipunguzia makali kabla hakijafika kwa watu wengi zaidi. Shule, msitu na kipaza sauti cha mjitolea vinahesabiwa katika bajeti tatu tofauti, lakini usiku ule vilifanya kazi moja.

Upande wa pili wa mfano huo ni Haiti. Mwezi Septemba 2004 dhoruba Jeanne ilimwaga mvua juu ya kisiwa ambacho Haiti inakigawana na Jamhuri ya Dominika. Haiti ilipoteza takriban watu 3,000, wengi wao katika mji mmoja wa Gonaïves, ambako maji na matope yalishuka kutoka milima iliyokwisha kuvuliwa miti. Upande wa Dominika vifo vilikuwa vichache mno kwa kulinganisha. Ni rahisi kusimamisha hadithi hapo na kusema kwamba miti ndiyo tofauti, na wengi wamefanya hivyo. Lakini ukiuliza miti ilikwenda wapi utakuta mkaa, na ukiuliza kwa nini mkaa utakuta familia zisizo na nishati nyingine ya kupikia wala zao jingine la kuuza ukame unapobana. Sera ya nishati ya nchi ilikuwa pia sera yake ya mafuriko, ijapokuwa hakuna aliyeiandika kwa jina hilo. Misaada ilikuja, mji ukasafishwa, na mwaka 2008 dhoruba nyingine zikaufunika tena mji ule ule wa Gonaïves kwa matope kutoka milima ile ile.

Kuna watu wanaodhani kwamba fikra hii ya kuunganisha mambo ni mpya, imeletwa na wataalamu wa siku hizi pamoja na semina zao. Sivyo. Baada ya mafuriko makubwa ya mwaka 1868 katika milima ya Alpi, Uswisi ilipitisha mwaka 1876 sheria ya shirikisho ya kulinda misitu ya milimani, ambayo msingi wake ulikuwa kwamba eneo la msitu lisipungue. Na mwaka uliofuata ikapitisha sheria ya kusimamia kazi za mito. Walioitunga walikuwa na sababu ya wazi: watu wa mabondeni walikuwa wakizikwa na kile kilichofanywa na watu wa milimani, na hakuna wilaya moja iliyoweza kulitatua hilo peke yake. Hadi leo misitu mingi ya nchi hiyo inahesabiwa kuwa misitu ya kinga, na mwenye msitu wa namna hiyo husaidiwa kwa fedha za umma kuutunza, kama vile ambavyo mhandisi hulipwa kutunza ukuta. Hapo ndipo ninapoiona tofauti ya kweli. Msitu umeingizwa katika hesabu kama kitu kinachofanya kazi, chenye gharama ya matunzo ya kila mwaka, na kinachozeeka kisipotunzwa.

Sisi wengine tumekuwa na mikataba zaidi kuliko matunzo. Mwezi Januari 2005, majuma machache baada ya tsunami ya Bahari ya Hindi, mataifa yalikutana Kobe nchini Japani na kukubaliana juu ya Mfumo wa Hyogo, mpango wa miaka kumi wa kupunguza hatari za maafa. Kipaumbele chake cha nne kilihusu kupunguza vyanzo vya msingi vya hatari: matumizi ya ardhi, mazingira, umaskini, ujenzi. Tathmini zilizofanywa katika kipindi hicho zilirudia matokeo yale yale. Nchi zilisonga mbele katika tahadhari za mapema na maandalizi ya kukabiliana na dharura, na zilisonga mbele kidogo kuliko kwingine kote katika kipaumbele hicho cha nne. Tulijifunza kukimbia vizuri zaidi kutoka kwenye hatari tuliyoendelea kuijenga.

Kisha ukaja mwaka 2015, ambao ungeweza kuwa mwaka wa kuunganisha kila kitu. Mwezi Machi ulipitishwa Mfumo wa Sendai kuhusu kupunguza hatari za maafa, utakaofika hadi mwaka 2030. Mwezi Septemba yakapitishwa Malengo 17 ya Maendeleo Endelevu. Mwezi Desemba ukapitishwa Mkataba wa Paris kuhusu mabadiliko ya tabianchi. Nyaraka zote tatu zinataja mambo ya nyenzake. Hata hivyo, zilipofika katika nchi moja moja, mara nyingi kila moja ilipokelewa na wizara yake, ikaundiwa sekretarieti yake, ikatengenezewa fomu zake za taarifa, na ofisa yule yule wa wilaya, anayelisimamia bonde moja lenye mto mmoja, akatakiwa kulieleza bonde hilo mara tatu kwa istilahi tatu tofauti. Nimewaona maofisa wa namna hiyo. Muda wanaoutumia kujaza taarifa ni muda ambao hawako mtoni.

Jambo linalovutia zaidi katika mada hii, na ambalo pia limeharibiwa zaidi na shauku isiyo na subira, ni matumizi ya mifumo ya asili kama kinga. Mikoko ndiyo mfano unaotajwa kila mahali, na inastahili. Tafiti zimeonesha kwamba mita 100 za msitu wa mikoko zinaweza kupunguza urefu wa mawimbi ya upepo kwa kati ya asilimia 13 na 66, kutegemea msongamano wa mizizi na kina cha maji. Nchini Vietnam, Shirika la Msalaba Mwekundu lilianza kupanda mikoko mbele ya matuta ya bahari mwaka 1994, na liliripoti kwamba hekta 12,000 zilizogharimu dola milioni 1.1 zilipunguza gharama ya kutunza matuta kwa dola milioni 7.3 kwa mwaka, mbali na kaa na samaki ambao wakazi wa pwani walianza kuwapata. Hapa mazingira, kinga na maendeleo vimekutana katika tope moja, na simlaumu mtu anayeutumia mfano huu kila apewapo nafasi ya kuzungumza.

Lakini takwimu ile ya mawimbi ina ndugu yake ambaye hutajwa mara chache. Bahari inapoinuka yote kwa pamoja kwa sababu ya kimbunga, upungufu unaopatikana hupimwa kwa sentimita kwa kila kilomita ya mikoko, kati ya 5 na 50 hivi. Ukanda mwembamba uliopandwa kwa ajili ya picha ya uzinduzi utapunguza mawimbi ya kila siku na kushika udongo, jambo ambalo ni jema, ila hautaizuia bahari iliyoinuka mita nne. Mtu aliyeambiwa kwamba mikoko inamlinda, na kwa sababu hiyo akabaki nyumbani tahadhari ilipotolewa, amedanganywa na watu wanaoipenda mikoko.

Katika Rikuzentakata nchini Japani palikuwa na msitu wa misonobari takriban 70,000 ufukweni, ulioanza kupandwa karne ya 17 na kutunzwa kizazi baada ya kizazi ili kuikinga nchi kavu dhidi ya upepo, chumvi na bahari. Tarehe 11 Machi 2011 tsunami iliung'oa wote katika muda mfupi, ukabaki msonobari mmoja, na huo nao ukafa baadaye kwa sababu chumvi ilikuwa imeifikia mizizi. Msitu ule ulifanya kazi yake kwa karne nyingi na kwa vishindo vingi. Ulizidiwa na kishindo kimoja kilichopita kipimo chake. Mhandisi hutaja ukuta wake umesanifiwa kuhimili nini na unashindwa wapi. Anayependekeza msitu, ardhioevu au ukanda wa nyasi kuwa kinga anapaswa kusema vivyo hivyo, bila kuona haya, na kisha kueleza ni tuta gani, njia gani ya kukimbilia, na tahadhari gani vitakavyosimama pamoja na msitu huo.

Vilevile miti haikubali amri. Baada ya tsunami ya mwaka 2004 ilipandwa mikoko mingi sana nchini Sri Lanka, na sehemu kubwa ilikufa, kwa sababu ilipandwa mahali ambapo maji hukaa muda mrefu kuliko mche wa mkoko unavyoweza kustahimili, mara nyingine aina isiyo ya mahali hapo, na mara nyingi bila mtu wa kuitunza baada ya mwaka wa kwanza. Miche ilihesabiwa siku ya kupandwa. Ningependa ihesabiwe mwaka wa tano, na malipo ya mwisho ya mradi yasubiri hesabu hiyo.

Ukitaka kuona kazi hii ikifanywa na watu wasiosubiri mradi, utazame ukanda wa Saheli. Wakati wa ukame wa miaka ya 1980, mkulima Yacouba Sawadogo wa Burkina Faso alianza kuchimba mashimo madogo katika ardhi iliyokwisha kukauka na kuwa ngumu kama sakafu, akiiboresha mbinu ya wazee wake iitwayo zaï. Shimo lenyewe si kitu cha kustaajabisha ukilitazama: upana wake ni kama sentimita 20 hadi 30, kina chake ni pungufu ya hapo, nalo huchimbwa kiangazi, kabla ya mvua. Ndani yake hutiwa samadi. Samadi huwavuta mchwa, nao mchwa huchimba vijia vyembamba kwenda chini na kuufungua ule udongo ulioziba, hivyo mvua ya kwanza inapokuja haitelezi juu ya ardhi na kukimbilia bondeni, bali inazama pale pale mbegu ilipo. Mbegu za miti zilizokuwamo katika samadi zikaota pia, naye akaziacha, na baada ya miaka ukawapo msitu mahali palipokuwa tambarare tupu. Alitunukiwa tuzo za kimataifa mwaka 2018 na 2020, na alifariki mwaka 2023. Mimi husoma habari zake kama somo la maafa: shimo lile ni kinga dhidi ya ukame, ni kinga dhidi ya mafuriko ya walio chini, na ni chakula cha mwaka huo huo.

Nchi jirani ya Niger ina sehemu ya kisa hiki inayohusu sheria, nayo ndiyo inayonigusa zaidi kwa kuwa inatoka ofisini, mahali ninapopafahamu. Kwa miongo mingi miti iliyoota shambani ilihesabiwa kuwa mali ya serikali, na mkulima aliyekata tawi bila kibali aliweza kutozwa faini. Mkulima mwenye akili aliung'oa mche ungali mdogo, kabla haujawa mali ya mwingine ndani ya shamba lake. Tangu katikati ya miaka ya 1980, masharti hayo yalipoanza kulegezwa katika utekelezaji na wakulima wakaanza kuamini kwamba mti watakaoutunza utakuwa wao, waliacha machipukizi yatoke kwenye visiki vilivyokuwa vimezikwa ardhini siku zote. Matokeo yake ni takriban hekta milioni 5 zilizorudishiwa miti, kwa gharama ndogo mno ukilinganisha na kampeni za upandaji. Hakuna kitengo cha maafa kilichokuwa na kifungu cha bajeti kinachoitwa haki ya mkulima juu ya mti wake. Hata hivyo ni vigumu kwangu kuutaja mradi wowote wa kupunguza athari za ukame uliofika mbali kiasi hicho.

Kipindi ambacho uhusiano huu wote hukatika haraka zaidi ni majuma yanayofuata maafa. Haraka hiyo ninaielewa. Mtu aliyelala nje na watoto hahitaji mhadhara juu ya ardhioevu. Ila ni katika majuma hayo ndipo kambi huwekwa kwenye uwanda ulio wazi kwa sababu uko wazi, na mara nyingi uko wazi kwa sababu hufurika. Ni hapo ndipo maelfu ya familia hugawiwa nafaka na maharage bila kuni wala jiko, na kilima kilicho karibu kikabaki tupu kabla mwezi haujaisha. Kisha huja ujenzi upya: matofali ya kuchoma kwa makumi ya maelfu, na kila tanuri linakula miti, mchanga unaochotwa kwenye kingo za mto ule ule uliofurika, na kingo hizo zikipungua mto hupata mlango mpya. Maneno ya Sendai kuhusu kujenga upya kwa ubora zaidi yanahitaji kutafsiriwa kuwa maswali ya kwenye orodha ya manunuzi. Mbao zinatoka wapi? Mchanga unachotwa wapi? Kifusi cha nyumba zilizoanguka kinatupwa wapi, na je, hakuna kinachoweza kusagwa na kutumika tena? Mtu wa mazingira awemo ndani ya kikosi cha tathmini tangu siku ya kwanza, akiwa na mamlaka ya kusema si hapa, sogezeni kambi mita mia tano.

Nikirudi kwenye barabara yangu: leo ningepewa ripoti ile ningeirudisha na mambo matatu. Ramani ya eneo lote linalokusanya maji juu ya kila kalvati, pamoja na mipango ya ardhi hiyo kwa miaka ishirini ijayo, kwa sababu kalvati husanifiwa kwa mlima wenye msitu na kisha huishi chini ya mlima usio na msitu. Maelezo ya nani ataziba na kupanda majani kwenye mashimo ya kifusi, na fedha zake zikae mahali ambapo mkandarasi hazipati mpaka kazi hiyo ikaguliwe baada ya msimu mmoja wa mvua. Na kifungu cha bajeti ya kuzibua makalvati kabla ya kila msimu, chenye jina la ofisi. Hilo la mwisho ndilo dogo zaidi na ndilo linaloniumiza zaidi, kwa kuwa nimeona madaraja ya fedha nyingi yakizinduliwa kwa sherehe na kisha ikakosekana fedha ya majembe.

Yapo pia maswali ambayo hayawezi kujibiwa na mhandisi wala na mtu wa mazingira, kwa sababu yanahusu nani anaondolewa. Mazingira yametumiwa mara nyingi kama kisingizio cha kuwafukuza maskini kutoka kingo za mito huku majengo ya wenye uwezo yakipanda ndani ya ardhioevu ile ile kwa vibali vyote. Baada ya tsunami ya mwaka 2004, Sri Lanka ilitangaza ukanda wa mita 100 kutoka baharini, na 200 katika sehemu za kaskazini na mashariki, ambamo watu wasingeruhusiwa kujenga upya nyumba zao, huku hoteli zikipewa nafasi ya kuendelea. Wavuvi waliopangiwa kuhamia mbali na bahari walilalamika, na kanuni hiyo ilibidi ilegezwe. Kanuni ya usalama isiyomgusa mwenye nguvu haitaheshimiwa na mnyonge, na ninaona ana haki ya kutoiheshimu.

Panapokuwa na ulazima wa kweli wa kuhama, Uholanzi imeonesha njia yenye uaminifu zaidi, japo haikuwa njia isiyo na machozi. Baada ya mito yake kutishia matuta mwaka 1993 na tena mwaka 1995, ambapo zaidi ya watu 200,000 walihamishwa kwa muda, nchi hiyo iliacha kuinua matuta peke yake na kuanza kuirudishia mito nafasi katika maeneo zaidi ya thelathini. Mjini Nijmegen tuta lilisogezwa nyuma mita 350 na mkondo mpya ukachimbwa, na takriban nyumba 50 zililazimika kuondolewa. Wenye nyumba walipinga, walijadiliana kwa miaka, walilipwa. Ardhi iliyotwaliwa haikuachwa tupu. Ikawa bustani ya mto na mahali pa kuogelea na kutembea, panapofunikwa na maji mto unapojaa na kurudi kwa watu unaposhuka.

Jambo hilo la mwisho ndilo ninalolisisitiza sasa katika kila kikao ninachoitwa. Ukanda wa mto uliosafishwa na kuachwa bila matumizi hujaa tena, kwanza takataka, kisha vibanda, kisha nyumba, na baada ya miaka kumi huwa kuna watu wapya wa kuhamishwa. Kwa hiyo mpango unaosema watu waondoke hapa unapaswa kusema, katika ukurasa huo huo, nani atakata majani ya ng'ombe hapa kuanzia mwezi ujao, nani ataweka kitalu cha miche, vijana watacheza mpira upande gani wakati wa kiangazi, na ofisi ipi itawajibika wa kwanza kati yao atakapoanza kumwaga zege.